Upasuaji wa ngiri: walivyonihakiki ndivyo walivyonipa imani

Nimefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena, upande wa kulia, na huduma ya hospitali naipa nyota nne kati ya tano. Jengo ni la kawaida na foleni ya mapokezi inachosha. Ila nilivyohudumiwa baada ya hapo, mwenye hofu ya kisu anahitaji kujua.

Kila aliyenishika aliniuliza kwanza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, akalinganisha na mkanda wa mkononi. Hawakuuliza "wewe ndiye fulani?", kwa sababu mgonjwa mwenye wasiwasi huitikia jina lolote. Walisubiri nilitaje mwenyewe. Daktari alikuja wodini, akaniomba nimwonyeshe upande wenye ngiri, akachora mshale palepale kwa kalamu ya wino. Akanieleza bila kunificha kwamba ngiri inaweza kurudi na maumivu yanaweza kukawia kuisha, ndipo akanipa fomu ya ridhaa.

Kabla ya dawa ya usingizi, muuguzi alisoma kwa sauti: jina, upasuaji gani, upande gani, mzio wa dawa. Niliposema penisilini hunitoa vipele, mtaalamu wa usingizi alisimamisha kila kitu, akafungua jalada, akahakikisha antibayotiki iliyoandaliwa haitanidhuru. Dakika ile ndiyo iliyonituliza moyo. Walikuwa wakifuata orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2008, yenye vipengele 19. Husomwa kabla ya usingizi, kabla ya ngozi kupasuliwa, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kusoma tu kwa sauti!

Nyota ya tano wameikosa siku ya kuniruhusu. Dirishani nilikabidhiwa vidonge, "kimoja mara tatu", basi. Dalili za hatari hakuna aliyezitaja: homa, usaha, uvimbe unaozidi, kushindwa kukojoa. Nilirudi wodini kuuliza, na muuguzi akanieleza vizuri mno, kisha akataka nimrudilie kwa maneno yangu mwenyewe. Kwa nini asifanyiwe hivyo kila anayeruhusiwa? Nimewaandikia walifanyie kazi. Kwa sasa, ukilazwa pale, usiondoke wodini bila kuuliza dalili hizo na namba ya kupiga usiku.