Shule ya mtandaoni nyumbani, Tanga: ada inalipia nini na wapi inakwama

Huduma ninayoizungumzia ni ya sekondari, mtaala wa Cambridge wa Uingereza ngazi ya IGCSE, yaani cheti cha kimataifa cha ngazi ya kidato cha nne. Walimu wako Uingereza, vipindi vinarushwa moja kwa moja, mtoto anasomea nyumbani Chumbageni. Jina la shule naliacha, maana mengi ya haya utakutana nayo kwa yeyote utakayemlipa.

Nianze na ninachokiona kuwa ndiyo thamani yake: kusahihisha. Maelezo ya Fizikia na Hesabu yamejaa YouTube, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yake. Kinachostahili ada ni mwalimu anayefungua kazi ya mtoto, akaona kwamba mstari wa tatu alama ya kutoa imegeuka kujumlisha, akaandika pembeni. Hapo huduma hii siidai kitu. Hata insha za Kiingereza hurudi na maoni sentensi kwa sentensi. Shule inayouza video zilizorekodiwa na maswali ya kuchagua yanayosahihishwa na kompyuta, hata iwe nafuu namna gani, kwangu ni kulipia cha bure.

Ila kazi haisahihishwi mpaka ifike, na wengi tunakwama hapa. Mtoto aandike kwa kalamu nyeusi, kwa sababu penseli ikipigwa picha hufifia. Daftari lilazwe karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni. Taa ya juu ya kichwa hutupa kivuli cha simu katikati ya ukurasa. Tumia programu ya kuskani badala ya kamera. Picha moja ya kamera hufika MB 4, kwa hiyo kurasa kumi ni MB 40, na mtandao wa simu mara nyingi huwa mzito zaidi kwenye kupandisha kuliko kushusha. Kurasa hizohizo zikiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe na kuunganishwa kuwa PDF moja, hushuka hadi MB chache tu. Ukituma picha mojamoja, mwalimu anapata ukurasa wa nne kabla ya wa pili, na kazi inarudi na swali badala ya alama.

Kwenye bando piga hesabu mapema. Video ikienda kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa. Vipindi vinne vya saa moja ni GB 1.8 kwa siku, GB 9 kwa wiki ya siku tano, GB 36 kwa mwezi, na bado hajafungua kitu kingine. Kompyuta nayo hupenda kujisasisha kimyakimya, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uiambie kuwa mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Kama faiba imefika mtaani kwenu, usijadiliane na nafsi.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato ina betri lakini ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao, haina. Mtoto anatolewa darasani huku kioo kinawaka. Dawa yake ni betri ndogo ya ruta. Ruta ya wati 10 kwenye betri ya wati-saa 37 hukaa kama saa tatu. Kabla ya kununua, soma volti nyuma ya ruta au kwenye adapta yake. Ukiichomeka ruta ya volti 9 kwenye volti 12, unaweza kuiunguza.

Saa ndizo zinazobadilisha maisha ya nyumba. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili. Miezi mingine tofauti ni saa tatu. Kipindi chao cha saa tatu asubuhi kwetu kinaangukia saa tano au saa sita mchana, na cha mwisho huweza kugusa magharibi. Chuo cha Kurani cha alasiri kinagongana nacho moja kwa moja. Ijumaa swala inaangukia katikati ya vipindi, hivyo uliza kama wanarekodi, na rekodi inakaa muda gani kabla ya kufutwa. Januari na Februari, chumba cha bati kisicho na dari saa nane mchana hakisomeki. Kompyuta yenyewe inapata moto na kupunguza kasi. Asubuhi inabaki huru. Mtoto akiitumia kwa kazi za nyumbani, huu ndio muda mzuri kuliko wote. Akiilala, umepoteza nusu ya siku, na ndiyo maana lazima awepo mtu mzima nyumbani.

Sayansi ndiyo kasoro kubwa. IGCSE inaruhusu karatasi ya 6, mbadala wa vitendo, ambayo ni ya kuandika tu. Mtoto anaweza kufaulu Kemia bila kushika bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia kimiminika. Akitaka kurudi kidato cha tano hapa nchini, kwanza cheti kinahitaji ulinganifu wa NECTA (Baraza la Mitihani), kisha maabara inamsubiri. Zungumza na sekondari ya jirani yenye maabara kuhusu mtoto kuitumia wakati wa likizo, na uifanye mapema.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa senti: mtoto atafanyia mtihani wapi? Shule ya mtandaoni inaweza kufundisha bila kuwa kituo cha mtihani. Unahitaji kituo kinachopokea watahiniwa wa nje, yaani wasio wanafunzi wake, na usajili wake hufungwa miezi kabla. Karatasi za msimu wa Mei na Juni husambaa kwa wiki kadhaa. Kituo kikiwa Dar es Salaam, kilomita kama 350 kutoka hapa, weka malazi ya wiki hizo kwenye bajeti ya ada.