Kabla hujamnunulia mtoto kichezeo chenye intaneti

Idi ikikaribia, maduka ya Mombasa, kuanzia Barabara ya Biashara hadi Makupa, hujaa wanasesere wanaojibu maswali na saa za watoto zenye laini ya simu. Mimi huvipanga kwa swali moja: nani mwingine ataweza kumsikia mtoto?

Nafasi ya kwanza ni vya betri tupu: dubu anayeimba ukimbonyeza tumbo, kigari cha rimoti. Havina maikrofoni wala haviombi waifai. Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, ishia hapo.

Ya pili, tableti ya watoto, ila isajili kwa jina la kubuni na usiweke picha. Mwaka 2015 VTech, kampuni inayotengeneza tableti za watoto, ilidukuliwa, zikachukuliwa taarifa za watoto zaidi ya milioni 6, na picha zao zikiwemo.

Ya tatu ni saa yenye laini. Naelewa wasiwasi wa mzazi ambaye mwanawe hupanda matatu peke yake. Lakini Novemba 2017 Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zinazomwezesha mtu kusikiliza kisirisiri yaliyo karibu na mvaaji. Ukilazimika, badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyohiyo. Mara nyingi huwa 123456.

Ya mwisho, na hii nakusihi usinunue: mwanasesere anayeongea kwa intaneti. Mpwa wangu aliletewa mmoja, nyumbani kwao Mji wa Kale. Nilishuka ngazi hadi barazani, nikawasha bluetuthi ya simu ambayo haijawahi kuunganishwa naye. Jina lake likatokea, nikaligusa, akakubali bila kuuliza nambari yoyote. Huko juu mtoto alikuwa akimbembeleza alale, nami namsikia simuni, neno kwa neno. Nilipanda ngazi mbiombio.

Kasoro hiyohiyo ilimfanya mwanasesere My Friend Cayla apigwe marufuku Ujerumani Februari 2017, wazazi wakaambiwa wamharibu. Mwezi huohuo ikajulikana kwamba rekodi za sauti zaidi ya milioni 2 za watumiaji wa CloudPets, wanasesere laini wa kutumiana ujumbe wa sauti kwa intaneti, watoto na wazazi wao, zilikuwa mtandaoni bila nenosiri.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Ile "Nakubali" unayoibofya harakaharaka ndiyo idhini yenyewe.

Basi ukiwa dukani, mwombe muuzaji akitie kichezeo betri, kisha jaribu kukiunganisha na simu yako. Kikikubali bila nambari na bila kubonyezwa kitufe, kirudishe rafuni.