DokuWiki inagoma kuandika: chmod 777 au chown?

Umepakia DokuWiki (programu ya kutengeneza wiki) kwenye seva, umefungua install.php, nayo inakwambia folda ya data haiandikiki. Wengi hukimbilia chmod -R 777 (amri inayobadilisha ruhusa za folda na vyote vilivyomo), na kweli kosa mara nyingi huondoka papo hapo. Lakini 777 humruhusu kila mwenye akaunti kwenye seva hiyo kusoma, kubadilisha na hata kufuta kurasa zako. Kwenye seva ya kukodi mnayoitumia wengi, mimi siikubali kabisa.

Chown (amri ya kubadilisha mmiliki wa faili) hutibu chanzo chenyewe: faili ni zako, ila anayeandika ni Apache (programu ya seva ya wavuti), ambayo kwenye Debian na Ubuntu hutumia jina www-data. Ukiwa ndani ya folda ya DokuWiki, andika:

sudo chown -R www-data:www-data data conf

Kisha ls -ld data. Ukiona drwxr-xr-x na www-data, yaani 755 (mmiliki huandika, wengine husoma tu), inatosha. Faili za ndani ziwe 644.

Huna sudo (ruhusa ya msimamizi)? Kwenye seva nyingi za kukodi PHP (lugha inayoendesha DokuWiki) huendeshwa kwa jina lako mwenyewe, kwa hiyo 755 inatosha bila chown. Kwenye Fedora, jina ni apache; ikigoma bado, kagua SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux), maana hapo hata 777 haisaidii.