Kukodi basi kubwa Dodoma: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Kamati ya harusi, ya kwaya au ya mahafali ikifika kwenye kipengele cha usafiri, mtu wa kwanza kuongea hutaja bei. Mimi ningeanza na swali jingine: gari likigoma kuwaka Gairo saa nane usiku, ndani wamo watu hamsini na bibi harusi, nani anakuja kuwachukua? Orodha hii nimeipanga kwa jibu la swali hilo, bei ikifuata na starehe mwisho. Inawafaa wanaotoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, Iringa, Singida au Arusha kwa njia ya Kondoa, pamoja na wanaozunguka humu humu mkoani.

1. Basi la 2x2 (siti mbili kila upande) la kampuni yenye njia

Hili linaongoza na limeyaacha mengine mbali. Kampuni yenye mabasi kadhaa yanayopita Dodoma kila siku ina gereji na mafundi wake, na muhimu kuliko vyote, ina basi jingine barabarani. Yutong au Higer yao ikiharibika wanapiga simu, watu wenu wanahamishiwa gari lingine na safari inaendelea. Mwenye basi moja hana pa kuwahamishia. Atawaambia fundi yuko njiani, kumbe fundi mwenyewe bado yuko Kariakoo anatafuta kipuri.

Mengi ya mabasi haya yana siti 49 hadi 57, buti kubwa chini na viti vinavyolala. Kwaya yenye spika na kinanda isihangaike kutafuta kitu kingine.

Ubaya wake ni kwamba kampuni inakutoza pia kwa siku ambayo basi halikwenda kwenye njia yake. Desemba, watu wanapoelekea Moshi na Bukoba, basi hulipati hata ukibembeleza. Wiki ya Nane Nane pale Nzuguni, mwanzoni mwa Agosti, nayo ni ya kuwahi. Miezi ya Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, mabasi huwa yapo. Shida ya miezi hiyo ni vyumba vya wageni wenu, na hiyo ni kamati nyingine.

Nenda mwenyewe ofisini kwao stendi kuu uongee na meneja. Kijana aliyekudaka getini ana kamisheni yake, ila basi hana.

Bei unaweza kujipimia kabla hujakaa kitini. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, Desemba 2023 ilitangaza ukomo wa nauli za mabasi ya mikoani: shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria wa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450. Basi la daraja la kati lenye siti 49, likijaa, linaingiza karibu shilingi milioni 1.5 kwa kwenda tu. Mazungumzo yaanzie hapo. Mkienda na kurudi nalo, mara mbili ya hiyo inaeleweka. Akitaja mara tatu, muulize kwa upole hiyo ya tatu ni ya nini. Inawezekana ni siku ambazo basi litalala likiwasubiri, na hizo zinajadilika. Likiwashusha na kurudi tupu, mtachangia kurudi kwake, lakini kampuni yenye ofisi kule mnakokwenda ina nafasi ya kulipangia kazi nyingine, kwa hiyo vuteni bei ishuke.

2. Kosta mbili

Kwa kundi lisilofika sitini linalokwenda vijijini, Kosta mbili zinalishinda basi kubwa, na ningeziweka namba moja kama safari zote zingekuwa za Chemba au Mvumi. Barabara kuu zinazotoka Dodoma ni za lami, iwe ya Iringa kupitia Mtera au ya Babati kupitia Kondoa. Tatizo ni kilomita za mwisho. Msiba wa Januari kijijini, mvua zikiwa zimekolea, basi la mita kumi na mbili halipiti kwenye korongo, na halina pa kugeuzia. Kosta inapita. Mojawapo ikizima, nyingine ipo: wazee wanatangulia, vijana wanabaki kusukuma.

Wanaopeleka wanafunzi kuona michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, wajue basi kubwa litaishia kijijini barabarani. Njia ya kupanda kwenye michoro ni mbaya, hata Kosta husita. Pangeni magari ya kupandishia au viatu vya kutembelea.

Kwa safari ndefu sifuri. Siti za kukunja za katikati ni adhabu, buti hamna, na mkishapita Morogoro kila mwenye miguu mirefu atakuwa anaitaja kamati kwa majina.

3. Treni ya SGR (reli ya kisasa), kisha basi la kukodi Dar

Ina nafasi hapa kwa sababu tangu katikati ya 2024 treni inafika Dodoma, na nauli elekezi ya LATRA ya mwaka huo kwa daraja la kawaida hadi Dar ilikuwa shilingi 31,000. Watu hamsini ni milioni 1.55 kwenda tu, yaani bei ileile ya basi, bila matuta na bila foleni ya Kibaha. Kwa semina au mkutano, sawa kabisa. Kwa harusi yenye masufuria, zawadi na mbuzi, hapana. Na mtakodi gari tena mkifika, kwa hiyo piga hesabu ya siku nzima kabla hujafurahia.

4. Basi la 3x2 la mwenye gari mmoja

Bei yake inavutia na siti zinazidi sitini. Linafaa kupeleka wahitimu ukumbini, au kwenda Bahi na kurudi mchana. Mtera pia linafika. Mlima wa Nyang'oro kuelekea Iringa sitalipeleka kabla sijaona breki zake zikikaguliwa na trafiki, na Arusha sitalipeleka kabisa: mtu mzima kukaa siti ya tatu saa zote hizo si safari.

5. Basi la shule au la taasisi

La mwisho, na kwangu lisingekuwemo. Tazama namba zake: gari la biashara lina namba nyeupe, gari binafsi lina za njano. Basi lenye namba za njano limesajiliwa kubeba watu wa taasisi yake. Ukilipa nauli humo, mkipata ajali kampuni ya bima ina mlango wa kutokea. Mwalimu mkuu akiwa shemeji yako, mshukuru, kisha nenda stendi.

Kabla ya kutoa advansi

Omba kuona leseni ya LATRA ya gari na kibali cha kukodiwa kwa safari hiyo, kwa kuwa basi la njia linalotoka nje ya njia yake halisafiri kwa leseni ileile. Bima ihakikini wenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari. Stika kwenye kioo peke yake haitoshi.

Dereva mhoji zaidi ya gari. Leseni yake iwe na daraja C, awe amethibitishwa na LATRA, na safari ikizidi saa nane wawe wawili. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku kucha, na kamati nyingi zimelipenda hilo kwa kuwa linaokoa fedha za kulala. Sina ugomvi nalo, mradi dereva alilala mchana. Muulize jana alikuwa wapi. Akijibu Mwanza, ombeni mwingine. Na msimbane akimbie: basi lina kifaa cha kufuatilia mwendo, ukomo ni kilomita 80 kwa saa, na faini ni yake, si ya mwenyekiti wa kamati.

Mkataba uandike nani analipia mafuta, posho na malazi ya dereva na utingo, maegesho, na saa ya ziada inatozwaje. Ndani yake iwemo namba ya basi lenyewe. Mchezo ninaouona mara kwa mara ni huu: mnaonyeshwa basi jipya ofisini, asubuhi ya safari linakuja kuukuu lenye rangi zilezile. Kwa hiyo andikeni kuwa likibadilishwa, linaloletwa liwe la daraja hilohilo na siti zilezile, la sivyo bei inapungua kwa kiasi mlichokubaliana mapema. Advansi isizidi nusu, na idai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Salio akae nalo mweka hazina mpaka basi lifike mnapopandia, mtu mmoja asome namba, mwingine azunguke aangalie tairi, za nyuma za ndani zikiwemo, maana huko ndiko vipara hufichwa.