Tahadhari: Wakala anayeuza safari ya kuzunguka Manaslu, Nepal, kwa dola 690

Ndugu wapanda milima, pamoja na wote mnaopanga kwenda Nepal, naandika tahadhari hii nikiwa na aibu kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Moshi na kazi yangu kwa miaka 11 imekuwa kuwapeleka wageni Mlima Kilimanjaro. Kampuni za mfukoni nazijua kwa harufu. Nimewaona wapagazi wanaoshushwa geti la Machame bila mshahara wala viatu, na nimewaonya wageni wengi dhidi ya bei ambazo haziwezi kulisha watu walioahidiwa. Pamoja na hayo, Novemba mwaka jana nilitapeliwa kwa mbinu zilezile, mimi, mwenzangu wa kazini na binamu yangu wa kike anayeishi Nairobi. Mganga hajigangi.

Aliyetuuzia safari alijitokeza katika kundi la WhatsApp la wapanda milima wa Tanzania na Kenya, akijiita mratibu wa Afrika Mashariki wa kampuni moja ya Kathmandu. Kiswahili chake kilikuwa safi, alizijua njia zote za Kilimanjaro kwa majina, na alijua pia ni wapi penye mshawasha wetu. Tangu Wilfred Moshi afike kilele cha Everest mwaka 2012, akiwa Mtanzania wa kwanza, na hasa baada ya Mkenya James Kagambi kufika huko mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 62, watu wetu wengi wamekuwa wakiitazama Himalaya kama mahali panapofikika, na penye watu wenye hamu hapakosi mwenye kuinusa. Yeye hakutuuzia Everest. Alituuzia mzunguko wa Manaslu, mlima wa nane kwa urefu duniani wenye mita 8,163, ambao msafiri wa kawaida huuzunguka kwa kufuata bonde la mto Budhi Gandaki hadi kwenye kipito cha Larkya, yaani mahali pa kuvukia safu ya milima, chenye mita 5,100 na ushei, kisha akashukia upande wa pili. Siku 14 kutoka Kathmandu na kurudi, dola 690 kwa mtu, kila kitu ndani: vibali, mwongozaji, wapagazi, magari, malazi na milo mitatu.

Hesabu ambayo ningeifanya kwa dakika 5 kama ingehusu njia ya Machame ya Kilimanjaro, ya Manaslu niliifanya baada ya kurudi nyumbani. Eneo hilo ni la kuingia kwa kibali maalumu kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji ya Nepal kupitia kampuni iliyosajiliwa tu, na ada yake kwa miezi ya Septemba hadi Novemba, kwa wakati tuliosafiri, ilikuwa dola 100 kwa siku 7 za kwanza na dola 15 kwa kila siku inayozidi. Juu ya hapo kuna kibali cha hifadhi ya Manaslu, rupia 3,000, na kingine cha hifadhi ya Annapurna, rupia 3,000, kwa kuwa njia hutokea Dharapani, ambako tayari ni ndani ya Annapurna. Hizo ni kama dola 145 kabla hujapiga hatua hata moja. Zilizobaki, ukizigawa kwa siku 14, ni dola 39 kwa mtu kwa siku, na kwa watu watatu haifiki dola 120. Humo atoke mwongozaji, watoke wapagazi wawili, yatoke magari, na zitoke sahani tisa za chakula kila siku katika vijiji ambavyo mchele hupandishwa kwa nyumbu. Hazitoshi. Mtu anayekuuzia kwa bei hiyo ameshaamua ni kitu gani hatakupa, na wewe ndiye hujaambiwa.

Tulilipa dola 300 kila mmoja kama kishika nafasi, kwenye akaunti ya mtu binafsi, kwa maelezo kwamba akaunti ya kampuni ilikuwa ikifanyiwa marekebisho. Wiki mbili kabla ya safari alitutumia picha ya kibali, ambayo binamu yangu aliipokea kwa furaha kiasi cha kuiweka kwenye simu yake kama pambo. Picha ile ilionyesha nusu ya chini ya karatasi: muhuri, sahihi, na kidole gumba cha mtu aliyeishika, chenye kucha iliyopasuka katikati. Nusu ya juu, yenye majina na namba za pasipoti, haikuwamo. Lakini hata bila kuliona hilo tungepaswa kushtuka, kwa sababu maombi ya kibali hiki huambatana na nakala ya pasipoti yenye viza ya Nepal, na viza zetu sisi tulizipata tulipotua uwanja wa ndege wa Kathmandu, dola 50 kwa siku 30. Karatasi iliyopigwa picha wiki mbili kabla ya viza kuwapo haingeweza kuwa yetu.

Kathmandu tulipokewa na mshirika wake, tukamalizia malipo kwa fedha taslimu, na alfajiri iliyofuata tukapakiwa kwenye gari pamoja na mwongozaji, kijana mpole mwenye umri kama wa miaka 24. Kibali alikishika yeye, ndani ya bahasha iliyobandikwa.

Bahasha ilifunguliwa Jagat, kijiji chenye nyumba za mawe na njia iliyotandazwa mawe, ambapo polisi hukagua kila anayepanda bonde. Askari alisoma karatasi, akatutazama, akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu. Kwenye karatasi palikuwa na majina mawili yetu, langu na la mwenzangu, na jina la tatu lilikuwa la mwanamke tusiyemjua, raia wa nchi nyingine kabisa. Binamu yangu hakuwamo. Baadaye nilielezwa kwamba kwa miaka mingi sheria haikuruhusu kibali hiki kutolewa kwa msafiri mmoja, ikabidi wawe angalau wawili, na hapo ndipo ulipozaliwa mchezo wa kuchomeka majina ya watu wasiosafiri ili karatasi ipite. Mshirika yule alichanganya makaratasi ya wateja wake, ada ya binamu yangu ikabaki mfukoni mwake. Mwongozaji alipompigia simu aliambiwa "zungumza na askari vizuri". Askari yule, kwa heshima yake, hakutaka kuzungumzwa vizuri. Kwa kuwa mwongozaji alikuwa mmoja na hatukuwa tayari kumrudisha dada yetu peke yake, tuligeuza wote, tukatikiswa ndani ya gari siku nzima hadi Kathmandu, tukafika Ijumaa usiku. Ofisi za serikali za Nepal hazifunguliwi Jumamosi. Kibali kilipatikana Jumapili, baada ya sisi kutoa dola 130 nyingine kwa maelezo kwamba kanuni zimebadilika. Tulilipa kwa sababu tiketi za kurudi zilikuwa na tarehe yake, jambo ambalo mshirika yule alilijua kuliko sisi.

Sasa fuateni vizuri, maana hapa ndipo hasara ya fedha ilipogeuka kuwa hatari ya uhai. Siku tatu zilikuwa zimepotea, na mshirika yule hakuwa na nia ya kulipia siku tatu za nyongeza. Akazikata kutoka kwenye siku za kuuzoesha mwili mwinuko, yaani siku zilezile ambazo mteja asiyejua huziona za uvivu. Kwa kawaida watu hulala kijiji kimoja katikati ya Namrung na Samagaun, kisha hupumzika Samagaun, kwenye kama mita 3,500, siku nzima au mbili kabla ya kuendelea. Ratiba mpya ilitupandisha kutoka Namrung hadi Samagaun kwa mwendo mmoja, karibu mita 900, kesho yake Samdo, keshokutwa Dharamsala iliyo juu ya mita 4,400, na usiku wa siku hiyo Larkya. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Sisi wa Kilimanjaro tunalijua hilo kwa miguu yetu: mgeni tunampandisha Lava Tower ale chakula cha mchana kwenye mita 4,600, kisha tunamshusha Barranco akalale. Panda juu, lala chini. Ratiba hii haikuwa na chini.

Asubuhi ya Samagaun binamu yangu aliamka na maumivu ya kichwa, hana hamu ya kula. Kabla hajamaliza kikombe cha chai, mwongozaji alikuwa tayari ameshika simu: helikopta inaweza kufika kabla ya saa sita, bima italipa, na ingefaa sote watatu tupande kwa usalama. Sote watatu, wakati wawili tulikuwa tunakula viazi. Nilimwomba binamu yangu atembee kwenye mstari wa mbao za sakafu, kisigino mbele ya kidole, akatembea bila kuyumba; hakuwa na kikohozi wala pumzi ya kukwama alipokaa. Tukasema tunapumzika, na kama hali ingebadilika tungeshuka mara moja. Naomba nieleweke: mtu anayeyumba, anayechanganyikiwa au anayehema akiwa ameketi hashauriwi kupumzika, anateremshwa wakati huohuo, hata usiku, na helikopta ikipatikana apande. Ninacholalamikia ni helikopta inayoitwa kabla ya mgonjwa kuulizwa anaumwa wapi. Biashara hiyo ina historia. Mwaka 2018 serikali ya Nepal yenyewe iliichunguza, baada ya kampuni za bima kulalamika, ikakuta mtandao wa mawakala, kampuni za helikopta na hospitali waliokuwa wakigawana malipo ya uokoaji usio wa lazima, pamoja na hila ya kubeba abiria kadhaa kwa ndege moja na kuzidai bima zao kila moja gharama kamili.

Jioni yake nilikaa na yule kijana jikoni, pembeni ya jiko la kuni, nikamuuliza kama mtu wa kazi anavyomuuliza mwenzake. Alikuwa amelipwa siku nne tu. Zilizobaki aliambiwa atazipata kwenye bakshishi zetu, au kwenye helikopta. Leseni ya uongozaji hakuwa nayo, wala bima, wala dawa yoyote ya mwinuko katika begi lake. Kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni kilikuwa changu. Sikuweza kumkasirikia. Vijana kama yeye nimefanya nao kazi Moshi, na najua mtu asiyelipwa na tajiri wake hutafuta mlipaji mwingine.

Tulipumzika siku moja, tukajaribu Samdo, binamu yangu akatapika mara mbili kabla ya jua kuzama, nasi tukateremka Samagaun kwa mwanga wa tochi. Kesho yake tuliendelea kushuka. Larkya nimeiona kwenye picha tu.

Kwa anayepanga safari ya namna hii, mambo machache yangetuokoa. Omba jina la kampuni kama lilivyosajiliwa Nepal, namba ya leseni yake ya Idara ya Utalii, na uulize kwa chama cha mawakala wa safari za milimani, TAAN, kama inatambulika huko. Usilipe kwenye akaunti ya mtu. Omba leseni ya mwongozaji atakayetembea nawe, kwa jina lake na picha yake, na ukifika Kathmandu usipande gari kabla ya kushika kibali kwa mkono wako na kusoma jina lako, namba ya pasipoti na tarehe. Bahasha iliyobandikwa ifunguliwe mezani. Ratiba isome kwa mita, siyo kwa siku: andika kila kijiji utakacholala na mwinuko wake, na kama hakuna mahali pa kulala siku mbili juu ya mita 3,000, safari hiyo iache. Bima yako itamke kwamba inafika mita 6,000, na namba yake ya dharura ibaki kwako, uipige mwenyewe. Ukitapeliwa ukiwa Kathmandu, wako polisi wa watalii. Sisi tuliandikisha malalamiko siku ya kuondoka, tukapewa karatasi, na hadi leo hatujarudishiwa senti.

Mratibu yule ametoka katika kundi letu na namba yake haipatikani. Hata hivyo, wiki iliyopita rafiki yangu wa Arusha alinitumia tangazo la safari ya Manaslu ya mwezi Aprili, jina la kampuni jipya, bei dola 650, likiwa limeambatanishwa na picha ya kibali "kilichokwisha kutoka". Picha ni nusu ya chini ya karatasi, muhuri na sahihi, na pembeni kuna kidole gumba chenye kucha iliyopasuka katikati. Ukitumiwa picha hiyo, ni yeye.