Zinki na vitamini kwa chunusi na uso wa mafuta: nilivyovitumia na nilichokiona

Nianze na jibu, maana najua wengi hilo ndilo mnalolitaka. Zinki ilinipunguzia zile chunusi nyekundu zinazouma, lakini kwa kiasi. Mafuta usoni hayakupungua hata chembe. Vitamini E na lile kopo la "nywele, ngozi na kucha" sikuona kazi yake, na hilo kopo nashuku lilinizidishia. Kilichonisafisha uso hasa ni jeli ya kupaka.

Sasa mnijue kidogo ili mpime wenyewe. Naishi Dar, ngozi yangu ni nyeusi na ya mafuta tangu nivunje ungo. Februari, saa nne asubuhi, poda imeshateleza yote, na tishu nikiipitisha kwenye paji la uso inatoka kama karatasi iliyofungiwa chapati. Chunusi zinanikaa kidevuni na kwenye taya, na zinachachamaa siku chache kabla ya hedhi. Kila inayopona inaacha doa jeusi la miezi. Kwetu wenye ngozi nyeusi doa linakera kuliko chunusi yenyewe, na ndilo linalowapeleka wengi kwenye mkorogo. Huko mimi sikuenda, kwa sababu krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi, na steroidi ikipakwa usoni muda mrefu inaleta chunusi zake mpya.

Nikaona afadhali vidonge. Na vidonge siku hizi havitafutwi, vinakufuata: kwenye stetasi za WhatsApp, saluni, maduka ya vipodozi Kariakoo, kila mtu ana kopo la kukuuzia. Nilichukua zinki, vitamini E na hilo kopo la mchanganyiko, nikavitumia kwa zamu. Kimoja kwanza, nakipa muda, ndipo naingia kingine. Ukimeza vyote kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kimekuharibu.

Zinki ndiyo yenye maneno mengi. Kwanza, lebo zake. Nilishika makopo mawili dukani, yote yameandikwa 50, bei mbali kabisa. Kijana wa duka la dawa akaniambia, "Dada, geuza usome nyuma." Kumbe moja lilikuwa na miligramu 50 za glukoneti ya zinki, yaani ule mchanganyiko mzima, ambamo zinki halisi ni kama miligramu 7 tu. La pili lilikuwa na miligramu 50 za zinki yenyewe, na hiyo imepita kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima, miligramu 40 kwa siku. Mahitaji yetu wanawake ni miligramu 8, wanaume 11. Kwa hiyo kopo moja ni kama chakula, la pili ni dozi ya daktari, na rafuni yanakaa bega kwa bega.

"Sasa wewe kaka unanishauri lipi?" nikamuuliza. Akanitolea vile vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha, vinavyoyeyushwa kwenye maji na kutolewa pamoja na ORS. Miligramu 20 kila kimoja, na ni zinki halisi. Nilicheka, lakini hesabu yake ilikuwa sawa: bei ndogo, kipimo kinajulikana, hakivuki mpaka. Ndivyo nilivyotumia, kimoja kwa siku, kuanzia kabla ya masika mpaka kibaridi cha Juni kilipoingia.

Ladha yake ni ya chuma, inabaki ulimini mpaka ule kitu. Ukimeza na chai ya rangi tupu asubuhi, kichefuchefu kitakukuta ndani ya daladala, umebanwa dirishani. Meza baada ya chakula. Yupo atakayekwambia chakula kinaipunguza nguvu, na ni kweli kwamba dona na maharage vina kitu kinachoishika zinki isifyonzwe vizuri, lakini dawa iliyotapikwa nayo haifyonzwi. Mimi nilimeza baada ya mlo wa mchana wenye samaki, tumbo likatulia.

Matokeo? Wiki za mwanzo hakuna. Katikati ya mvua nikaanza kuona kwamba chunusi za kidevu zinakuja zikiwa ndogo na haziumi kama zamani, zinakauka upesi. Vile vipele vidogo vya paji la uso, vyeupe na vyeusi, vilibaki palepale. Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2001: watu zaidi ya 300 wenye chunusi, wengine walipewa miligramu 30 za zinki kwa siku, wengine antibayotiki iitwayo minosaiklini, kwa miezi mitatu. Waliofanikiwa kwa zinki walikuwa kama theluthi moja, kwa antibayotiki karibu theluthi mbili. Hiyo inafanana na uso wangu. Zinki inatuliza uvimbe, lakini haing'oi shina.

Mambo mawili wauzaji hawayasemi. Ukimeza zinki nyingi kwa muda mrefu mwili unashindwa kufyonza madini ya shaba, na shaba ikipungua damu nayo inapungua. Na kama daktari amekupa doksisaiklini kwa hizo chunusi, usiimeze pamoja na zinki. Vikikutana tumboni vinashikana na dawa haifanyi kazi yake. Acha saa mbili au zaidi katikati.

Vitamini E, zile kapsuli za kijani, nitaimaliza upesi. Kumeza: sikuona chochote. Kuna mtindo wa kuitoboa kwa sindano na kupaka usoni. Jamani, yale ni mafuta! Uso wenyewe unatiririka, unauongezea mengine ya nini? Nilijaribu kwenye shavu moja, likaamka na vipele.

Lile kopo la mchanganyiko ndilo lililonigharimu zaidi, elfu thelathini na kitu, na lebo yake inang'aa kweli. Ndani kuna biotini nyingi (nayo ni vitamini ya kundi B), vitamini B12 nyingi, na vitamini A. Kucha zilikua, sikatai. Lakini taya lilijaa vipele vidogo vidogo vinavyofanana, kitu ambacho sikuwa nacho. Nilipoliacha vikapungua. Siwezi kuapa kwamba ni kopo, maana homoni zangu nazo zina mambo yake. Ila B12 nyingi kuleta vipele vya aina hiyo kwa baadhi ya watu ni jambo linalojulikana kwa madaktari, na mwaka 2015 watafiti wa Marekani walionyesha njia moja: bakteria wa chunusi wanaoishi kwenye ngozi hubadili mwenendo B12 inapozidi, wakatoa kemikali zinazochochea uvimbe. Biotini nayo ina hila yake. Inaweza kuvuruga vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo, kiasi kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari mwaka 2017. Ukienda maabara, sema kwamba unaimeza.

Vitamini A msiichezee kabisa. Ni kweli isotretinoini, ile dawa kali ya chunusi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, inatokana na ukoo wa vitamini A, na wauzaji hupenda kutumia hoja hiyo. Lakini ile hutolewa na daktari, kwa vipimo vya damu, na mjamzito haruhusiwi hata kidogo kwa sababu inaharibu kichanga tumboni. Vitamini A ya kawaida ikizidi nayo ina hatari hiyohiyo. Kipande cha maini ya ng'ombe cha gramu 85 kina vitamini A ya kutosha mtu mzima kwa takriban siku saba. Ukila maini mara moja kwa wiki, kopo la nini?

Jirani yangu alinisukuma pia kwenye vitamini B5, akisema ndiyo inayokausha mafuta. Stori hiyo ilianzia Hong Kong mwaka 1995, ambako daktari mmoja aliwapa wagonjwa gramu 10 kwa siku. Hiyo ni vidonge 20 vya miligramu 500, kila siku, na hakukuwa na kundi la kulinganisha nao. Nikamwambia shoga, pesa hiyo tununue samaki.

Kuhusu mafuta yenyewe, daktari wa ngozi alinieleza kitu kilichonifungua macho: tezi za mafuta zinaamrishwa na homoni, na kama mwilini huna upungufu wa vitamini, kuongeza vitamini hakubadilishi amri hiyo. Aliniandikia jeli ya adapalini usiku na benzoili peroksaidi asubuhi. Mwanzoni uso ulikauka na kubanduka, mito yangu miwili ikapauka rangi (benzoili haina huruma na kitambaa), lakini kipupwe kilipoisha kidevu kilikuwa kimetulia na madoa yanafifia. Wajawazito, adapalini si yenu. Kwa walio mikoani, msidhani lazima mje Dar: hospitali ya KCMC, Moshi, wanafundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na hospitali kadhaa za mikoa zina waliopita pale. Ulizeni.

Zinki nitaimeza tena kukiwa na sababu, zile za miligramu 20, na ningempendekezea mwenye chunusi za kuuma asiyepata nafasi ya kumwona daktari haraka. Kopo la mchanganyiko silinunui hata likishushwa nusu bei. Vitamini E iliyobaki napaka visigino, na huko inafanya kazi vizuri sana.