Hunterian, Glasgow: pa kujifunzia wanyama wa lejioni

Kwa anayetaka kutambua alama za wanyama za lejioni, yaani vikosi vikubwa vya jeshi la Roma, kwenye mawe ya jeshi hilo, makumbusho ya Hunterian ni chaguo letu la kwanza. Kiingilio ni bure, na mabamba ya mawe ya Ukuta wa Antonine, ukuta wa Warumi huko Scotland ulioanza kujengwa mwaka 142 hivi, yamekusanywa pamoja, kwa hiyo unalinganisha papo hapo.

Anza na maandishi. LEG XX VV (lejioni ya 20, Valeria Victrix) huendana na nguruwe mwitu: tafuta manyoya yaliyosimama mgongoni, pua ndefu na pembe ya mdomoni. LEG II AVG (lejioni ya 2, Augusta) ina wanyama wawili, farasi mwenye mabawa na mbuzi mwenye mkia wa samaki. Hapa ndipo wengi hukosea, maana bawa likilika hubaki farasi wa kawaida, na mbuzi aliyepoteza mkia hana tofauti na mbuzi yeyote. Chunguza sehemu ya nyuma: mkia wa samaki hujikunja, na miguu ya nyuma haipo kabisa. Tai asikupotoshe, ni wa lejioni zote.

Simama kando ya jiwe, si mbele yake tu. Michongo iliyolika huonekana vizuri zaidi mwanga ukipita ubavuni.